Kutoka Bondeni Kilombero Hadi Mahenge: Wiki ya Kliniki ya Pamoja

Jumapili, Morogoro hadi Ifakara

Tumeondoka Morogoro alfajiri tukiwa watatu: mimi wa kliniki ya presha na sukari, mwenzangu nesi wa afya ya akili, na dereva wetu, mzee anayeijua barabara ya Mikumi hadi Kidatu kona kwa kona. Nyuma ya gari tumepakia mashine za presha, vipimo vya sukari, mizani, maboksi ya dawa na daftari moja kubwa. Nasisitiza daftari moja, kwa sababu ndilo kiini cha safari hii.

Katika vituo vingi vya kwetu, mwenye presha huitwa siku yake na mwenye ugonjwa wa akili huitwa siku nyingine. Anayeumwa vyote viwili atoe nauli mara mbili, apange foleni mara mbili, na asimulie shida zake kwa watu wawili ambao hawazungumzi. Mtu wa kijijini hana nauli ya hivyo, kwa hiyo huchagua ugonjwa mmoja wa kutibiwa na mwingine anabaki nao nyumbani. Safari hii tunakaa meza moja. Atakayekuja kwa presha au sukari tutamuuliza usingizi na mawazo. Atakayekuja kwa kifafa au ugonjwa wa akili tutampima presha, sukari na uzito, na tutamuuliza kama anakohoa.

Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao, na wengi wao wanauawa na moyo, sukari, kifua kikuu na mengine yanayotibika. Mwenzangu ameitaja takwimu hiyo tulipokuwa tunapita Mang'ula, milima ya Udzungwa ikiwa kulia kwetu. Dereva akauliza, "Sasa sista, kama yanatibika, kwa nini wanakufa?" Tumeizungumza mpaka Ifakara.

Jumatatu, Ifakara

Ifakara imezoea watu wa afya. Utafiti wa malaria umefanyika hapa tangu miaka ya 1950, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko inapokea wagonjwa hadi wa ng'ambo ya mto. Asubuhi tumesalimiana na wenzetu mjini, kisha tukaenda kufungua meza kwenye zahanati moja nje ya mji, chini ya mwembe, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi.

Nitamsimulia mmoja tu. Dada wa miaka kama 27, mchuuzi wa samaki, amekuja na mfuko wa plastiki wenye kadi mbili: kadi ya CTC, yaani kliniki ya tiba ya virusi vya Ukimwi, kutoka kituo kimoja na kadi ya kifafa kutoka kituo kingine. Kwa virusi vya Ukimwi anameza kile kidonge kimoja cha siku chenye dolutegravir. Kwa kifafa anameza carbamazepine. Kadi hizo hazikuwahi kuwekwa pamoja mezani mpaka leo.

Carbamazepine hulisukuma ini kuivunja dolutegravir haraka kuliko kawaida, dawa ikapungua mwilini na virusi vikapata nafasi. Kipimo chake cha wingi wa virusi kilirudi juu. Akaambiwa hamezi dawa. Akapewa ushauri nasaha wa kukazania dawa, kisha akapewa tena, na mara ya mwisho akakemewa mbele ya watu. Tangu hapo halali vizuri, hali chakula, na alikuwa amefikia kuacha vyote viwili.

"Sista, vidonge nameza vyote. Mama yangu ndiye shahidi," ametuambia, na mama yake aliyekaa nyuma akaitikia kwa kichwa.

Suluhisho lake halihitaji dawa ya kuagizwa Ulaya. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampicin hukutana na tatizo lilelile, na kliniki za CTC humwongezea kidonge kingine cha dolutegravir cha miligramu 50, saa 12 baada ya kile cha kwanza. Kidonge hicho kiko kabatini tayari. Kumbadilishia dawa ya kifafa kungekuwa na ugumu wake: phenobarbital ina tabia hiyohiyo, na valproate haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba. Tabibu amempigia daktari wa CTC yake, wameelewana, na maelekezo yameandikwa kwenye kadi zote mbili.

Dada ameisoma kadi kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo wataandika kwamba sikudanganya?"

Mwenzangu ameandika. Sentensi nzima, kwa kalamu ya wino, na kusaini chini.

Jumanne, bondeni

Ni msimu wa kuvuna mpunga, na hapo ndipo penye shida kubwa ya tiba katika bonde hili. Familia huhamia mashambani, mbali na kijiji, wakakaa kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, kwa wiki au miezi. Mvua kubwa za Machi na Aprili hukata njia. Mtu aliyepangiwa kuchukua dawa kila mwezi anaandikwa "mtoro" kwenye daftari, ilhali anapalilia chakula cha watoto wake. Mimi neno hilo silipendi, na leo nimezidi kutolipenda. Kwa hiyo tumewafuata hukohuko, mhudumu wa afya wa kijiji akituongoza kwa pikipiki na tabibu wa zahanati akiwa nasi garini.

Kwenye dungu la tatu tumemkuta mzee wa makamo mwenye sukari. Kidole gumba cha mguu wa kulia kina kidonda ambacho mkewe anakiosha kwa maji ya chumvi. Sukari yake imesoma zaidi ya 20. Hakushtuka. Nimezoea watu kuuliza "ni nyingi?" Yeye alitazama mpunga.

Mkewe alitangulia kusema: "Huyu hajaongea wiki nzima. Akiulizwa chakula, anatikisa kichwa."

Mwenzangu akavua viatu, akakaa mkekani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Miguu inakusumbua namna gani?"

Swali la miguu amelijibu. Inawaka moto usiku, hasa nyayo, hapati usingizi. Kutoka miguu wakaenda usingizi, kutoka usingizi wakaenda mawazo ya usiku. Mwenye umri wake hawezi kuanzwa na "je, una sonona?", na mwenzangu hakulitumia neno hilo hata mara moja. Baada ya muda mzee akasema kliniki aliiacha tangu maji yalipokata njia, na njia ilipofunguka hakuona sababu ya kurudi. "Nikishapona niende wapi? Shamba silimudu. Nimekuwa mzigo kwa huyu mama."

Ndipo mwenzangu akauliza moja kwa moja, kwa sauti ileile aliyoulizia miguu: amewahi kuwaza kujiua? Watu wengi huogopa swali hili wakidhani litampandikizia mtu wazo. Halipandikizi. Humpa ruhusa ya kutua alichobeba. Mzee alinyamaza, halafu akasema ndiyo, na akaonyesha kwa kidevu kona inapowekwa dawa ya kuulia wadudu wa mpunga. Mkewe akajifunika uso kwa kanga.

Lazima niliandike hili: sheria ya Tanzania, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Ndiyo maana familia zikimleta mtu hospitali husema alidhani ni dawa ya kikohozi, na sisi tunatibu tumbo na kumrudisha nyumbani na maumivu yaliyompeleka huko. Naiona sheria hiyo kuwa kizuizi cha tiba, na ningependa iondoke.

Tuliyoyafanya kwa mzee ni haya. Dawa ya shamba imeondolewa mbele yetu, imekwenda kufungiwa kwa mdogo wake kijijini, na itakuwa inaletwa siku ya kupulizia tu. Kidonda nimekisafisha na kukifunga, dawa za sukari zimeanza upya, na kesho mdogo wake anampeleka Ifakara kidonda kikaangaliwe na daktari na sukari ishushwe chini ya uangalizi. Tabibu amemwandikia amitriptyline usiku, kwa kuanzia dozi ndogo, kwa sababu dawa hiyo hutuliza pia maumivu ya neva za miguu, na ikiongezwa taratibu husaidia mawazo na usingizi. Lakini ni dawa ya hatari ikimezwa nyingi. Kwa hiyo amepewa ya wiki moja tu, anaitunza mkewe, na mhudumu wa afya atapita kila Jumamosi kuleta nyingine na kukaa naye.

Huko kukaa naye si adabu ya mgeni tu. Usiku mwenzangu amenieleza habari za Harare, ambako daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Waliwafundisha bibi hao kusikiliza na kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka 2016: watu 573, karibu wanne katika kila kumi wakiishi na virusi vya Ukimwi. Baada ya miezi sita, waliokaa na bibi kwenye benchi na bado wana dalili za sonona walikuwa kama 14 katika kila 100. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Benchi liliwekwa pale kwa sababu mgonjwa tayari amefika zahanati kwa jambo lingine. Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka kuiba.

Jumatano, Kivukoni, Lupiro, Mahenge

Siku ya barabara. Tumevuka Kilombero kwa Daraja la Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2018. Dereva anakumbuka foleni za pantoni na wajawazito waliosubiri ng'ambo usiku kucha. Lupiro tumekula wali na kambale. Kisha tumepanda mlima. Mahenge kuna baridi, ukungu umeshuka mpaka barabarani, na blanketi la nyumba ya wageni halitoshi.

Alhamisi, vijiji vya Mahenge

Huku kifafa kina historia ndefu. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwe, alifungua kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960. Aliwakuta watu wanaokula kwenye vyombo vyao peke yao, wenye makovu makubwa ya moto, kwa sababu mtu akianguka jikoni wengine waliogopa kumgusa: iliaminiwa kwamba mate yake yanaambukiza. Alianza kuwapa dawa, na watu wakaja kutoka vijiji vya mbali kwa miguu. Aliandika pia juu ya watoto ambao vichwa vyao husinzia mara kwa mara wanapokula, hali ambayo miongo kadhaa baadaye ilijulikana sana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda.

Mwaka 2017 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinne vya Mahenge, zaidi ya watu 5,000. Kifafa kilipatikana kwa watu 2.5 katika kila 100, na katika vijiji viwili vya ndani kilifika 3.5. Sababu kubwa inayotiliwa nguvu ni minyoo ya usubi, inayoenezwa na wale inzi wadogo weusi wa mito yenye maji ya kasi. Dawa yake, ivermectin, imegawiwa hapa tangu miaka ya 1990. Mgawa dawa wa kijiji hukusimamisha kando ya fimbo na urefu wako ndio unaoamua vidonge. Dawa hiyo huua watoto wa mnyoo, haiui mnyoo mkubwa, na mkubwa anaweza kuishi mwilini zaidi ya miaka 10. Ukiruka mwaka mmoja, umempa nafasi.

Leo meza yetu ilikuwa uwanjani kwa shule. Nilidhani ningeshinda bila kazi, kwa kuwa wengi walikuja kwa kifafa. Nimefanya kazi mpaka giza. Vidonda vya moto vya zamani vilivyokaza kiwiko. Upungufu wa damu. Presha ya 190 kwa mama aliyeletwa na watu kwa sababu "anaanguka", naye hakuwahi kufungwa mkanda wa presha maishani. Kwa mtu wa kifafa, kila kilichompata mwilini kinasemwa ni kifafa, na hakuna anayetazama zaidi.

Msichana mmoja wa miaka 19 ameingia na kaka yake. Alianguka motoni mwaka jana, mkono wa kushoto vidole vimeshikana. Degedege zimepungua tangu aanze phenobarbital. Zikimjia ni mara chache. Kwenye karatasi huyu ni mgonjwa anayeendelea vizuri. Mwenzangu akamuuliza anafanya nini siku nzima.

"Nakaa."

"Unakaa wapi?"

"Nyumba ya nyuma. Na chakula naletewa."

Kaka yake akatazama chini. Nilidhani tutaanza kumhutubia, lakini mwenzangu alimuuliza kwa upole anachoogopa, naye akasema anaogopa kwa ajili ya watoto wake, mate yasiwaguse. Kijana yule hakuwa mkatili. Ni yeye aliyemtoa dada yake motoni; viganja vyake vina makovu yaleyale. Mwenzangu akachukua kikombe alichonywea msichana, akamimina maji, akanywa. Kisha akaeleza ugonjwa unakaa wapi: kwenye ubongo, si kwenye mate. Akaeleza pia la kufanya akianguka: mlaze ubavu, ondoa vyenye ncha kali na moto, usimtie kijiko mdomoni, hesabu muda, ukizidi dakika tano tafuta msaada.

Jiko la familia tumeomba liinuliwe juu ya kiuno kwa matofali. Msichana ameandikiwa rufaa ya mkono, ingawa upasuaji wa namna hiyo uko mbali na nauli haijapatikana. Akaniomba kitu ambacho hatukuwa nacho kwenye maboksi: kazi. Anajua kusuka ukili kwa mkono mmoja na nusu, alivyosema mwenyewe. Mwalimu mkuu alikuwa anasikia, akasema shule inahitaji mikeka ya darasa la awali.

Ijumaa, kijiji cha bondeni mwa mlima

Mganga wa tiba asili wa kijiji hiki alitutumia ujumbe jana kwamba ana mgonjwa ambaye "ya kwangu nimemaliza, yaliyobaki ni yenu." Tumemheshimu tukaanza kwake. Ni mama mtu mzima, mwenye madaftari ya wagonjwa yaliyonyooka kuliko ya zahanati nyingi.

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 30 na kitu, anasikia sauti tangu ujanani, anatumia haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, anapoipata. Analala chumba kisicho na dirisha, kwa kuwa akitoka usiku hupotea. Amekonda sana. Familia ilisema ni dawa za akili; kituo alikopelekwa mara ya mwisho kilisema hali chakula kwa sababu ya akili. Mganga ndiye aliyesema: "Anakohoa tangu Pasaka, na usiku shuka linaloa."

Kikohozi cha wiki nyingi, jasho la usiku, kukonda. Angesema hayo mtu mwingine yeyote, angepimwa makohozi siku hiyohiyo. Huyu alisema, kwa namna yake, kwamba kuna kitu kinamla kifuani, na maneno hayo yakaandikwa kama dalili ya akili. Nimekasirika leo, na sijatulia ninapoandika.

Makohozi tumeyapeleka Mahenge mjini kwa bodaboda, kwenye mashine inayotoa jibu ndani ya saa mbili. Jioni simu imelia: kifua kikuu, kisichoonyesha usugu wa rifampicin. Kwa hiyo ataanza dawa, na hapo tena magonjwa mawili yanakutana ndani ya mtu mmoja: rifampicin itapunguza haloperidol mwilini mwake, na isoniazid, dawa nyingine ya kifua kikuu, kwa baadhi ya watu huchafua akili. Akianza kusikia sauti zaidi wiki ya tatu, mtu wa kifua kikuu atasema ni akili, mtu wa akili atasema ameacha dawa. Tumeliandika mapema kwenye daftari moja, kwa herufi kubwa, nani aongeze dozi na lini. Pyridoxine, yaani vitamini B6, imeongezwa kulinda neva zake. Wote wa nyumba ile watachunguzwa, watoto kwanza. Kaka zake wametoboa dirisha kabla hatujaondoka.

Mganga amekubali kuwa msimamizi wa kumeza dawa. Mgonjwa humsikiliza yeye kuliko mtu yeyote, na mimi sioni kwa nini tumtafute mwingine.

Jumamosi, Mahenge mjini

Kikao na waganga wafawidhi wa zahanati tulizopita. Hapakuwa na hotuba. Tumekubaliana siku moja ya kliniki kwa wiki kwa magonjwa yote ya muda mrefu, meza moja, namba moja kwa mgonjwa. Mashine ya presha inakaa mahali pa dawa za akili, na maswali ya usingizi, mawazo na kujiua yanabandikwa mahali pa dawa za sukari. Msimu wa mpunga watu watapewa dawa za miezi mitatu, isipokuwa wale wa hatari kama mzee wa dungu. Mpango wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, wa kutibu magonjwa ya akili na kifafa kwenye vituo vya kawaida, uliozinduliwa mwaka 2008, umeruhusu kwa muda mrefu kwamba tabibu na nesi wa kawaida waanze tiba hizi; hatuhitaji kumsubiri bingwa apande mlima.

Yasiyopatiwa jibu ni mengi. Zahanati mbili hazina phenobarbital ya kufika mwezi ujao, na dawa hiyo ikikatwa ghafla degedege hurudi kwa nguvu, hata kuua. Mganga mfawidhi mmoja yuko peke yake na muuguzi mmoja. Ameuliza wazi maswali hayo yote atayauliza saa ngapi. Tumepunguza maswali yakabaki mawili kwa kila mtu, na mengine kwa atakayejibu ndiyo. Ameridhika nusu, na nadhani ana haki.

Mhudumu wa afya wa bondeni amepiga simu saa kumi. Ametoka kwa mzee, aliyerudishwa jana kutoka Ifakara. Amekula, amelala usiku mmoja kati ya miwili, kidonda hakinuki, na ameuliza kama ile dawa ya miguu inaruhusiwa kumezwa na chai. Inaruhusiwa. Orodha ya phenobarbital nimeikabidhi kwa anayekwenda bohari Jumatatu, na nakala nimebaki nayo ili nimpigie Jumanne.